Mjadala: Kocha wa watoto anaweza kumtoa straika akamfanya beki bila kumwambia kwa nini?

MJOMBA WA UJIJI
Wakuu, habari za jioni. Naleta jambo lililotugawa nyumbani wiki ya tatu sasa, na nikipita kwenye viwanja vya hapa Kigoma naona si letu peke yetu.

Nina mpwa wangu wa miaka 14, anachezea timu ya watoto ya mtaani. Jina la timu naliacha, sikuja kumchafua mtu. Tangu anapiga chandimu ni namba tisa. Mbio hana sana, ila ukimpa mpira akiwa ameipa goli mgongo, anajua kugeuka. Mwezi uliopita kocha alimwita dakika kumi kabla ya mechi, akampa jezi namba mbili, ya beki wa kulia. "Leo unamkaba winga wao." Basi, hakuna la zaidi. Mazoezini hajawahi kupangwa huko nyuma hata siku moja. Kipindi cha kwanza winga alimpita mara nne, magoli mawili yakapitia upande wake, kocha akamtoa huku anamfokea mbele ya umati. Dogo naye akajibu, "Mimi si beki." Akaambiwa anayetaka kujichagulia namba arudi kwenye chandimu. Tangu siku hiyo hajakanyaga mazoezini. Daluga zimetundikwa kwenye msumari.

Shemeji yangu, baba yake, anasema kocha ni kocha, mbona shuleni mtoto hachagui kama asome hesabu. Dada yangu anasema mpira wenyewe uachwe, asome. Mimi nipo katikati. Kumhamisha mtoto sioni kosa. Tena mtoto wa miaka 12 mpaka 14 anayechezeshwa namba moja tu naona anapunjwa. Lakini namba mpya ni kazi mpya. Beki wa pembeni lazima ajue amsukume winga kwenye mstari au amwachie njia ya ndani aliko beki wa kati. Asimame kiubavu, aone mpira na mtu aliye nyuma yake kwa mara moja. Ajue apande lini na nani atabaki kuziba. Straika hayo hajawahi kuyawaza, miaka yote kazi yake imekuwa kuyavuruga. Pale Katonga fundi wa mitumbwi akimtoa kijana kwenye kukalafati (kuziba nyufa za mtumbwi) akampa tezo ya kuchongea, hukaa naye kwanza amwonyeshe inavyoshikwa. Hampi tezo asubuhi halafu jioni amtukane kwa kuharibu ubao.

Sasa nauliza: kocha anadaiwa maelezo na mtoto wa miaka 14? Na sisi wa nyumbani tunaingilia wapi? Karibuni, matusi hapana.

KOCHA MCHANGANI
Mleta mada, nakuheshimu, ila umeutazama uwanja kutoka upande wa wazazi. Nimefundisha watoto miaka kumi na moja bila posho. Nina vijana 32 na mipira mitatu, mmoja unavuja. Katika hao 32, kwa maneno yao wenyewe, mastraika ni 19. Nikiwasikiliza nitapanga washambuliaji kumi na golikipa wa kuazima.

Halafu kuna jambo wazazi hawalioni. Mtoto aliyewahi kukua, miaka 13 ana kifua na miguu ya mtu mzima, anafunga kila wiki kwa sababu anawasukuma wenzake. Mtaa mzima unamwita tisa hatari. Akifika 17 wale wadogo wamemfikia kimo, nguvu si tofauti tena, na yeye hana kingine anachokijua. Huyo ukimrudisha nyuma mapema umemwokoa. Mtoto mwenye jicho la pasi na asiye na mbio, kama ulivyomweleza mpwa wako, mimi ningemtazama kama namba sita, kiungo mkabaji. Mbili kweli hapana, hapo winga mwenye kasi atamla.

Alphonso Davies alikuwa winga. Mwaka 2019 Bayern waliishiwa mabeki kwa majeruhi wakamrudisha beki ya kushoto, na 2020 akabeba Ligi ya Mabingwa Ulaya akicheza hapo hapo. Hapa kwetu Erasto Nyoni amecheza beki ya pembeni, beki ya kati na kiungo mkabaji, na kwa ukiraka huo akadumu Taifa Stars miaka mingi kuliko mastraika wengi mnaowaimba.

Kocha kufoka mbele ya watu, hilo siwezi kulitetea. Nimewahi kufanya hivyo na nikajuta. Ila mjue timu ikifungwa, mzazi wa kwanza kuja kuniuliza "mbona tumefungwa" ni yule yule anayetaka watoto wapewe muda.

MJOMBA WA UJIJI
Kocha, hilo la mipira mitatu limenigusa. Lakini Davies ameingia namba mpya akiwa na walimu, picha za marudio na mazoezi kila siku. Dogo wetu alipewa dakika kumi. Na maelezo hayahitaji mpira, yanahitaji kivuli cha mwembe tu. "Nakuweka mbili mechi tatu nione unavyosoma mchezo, ukikosea usiogope." Hayo yamekushinda kusema?

KOCHA MCHANGANI
Hayajanishinda. Mimi siye kocha wake, mkuu.

MJOMBA WA UJIJI
Kweli, samahani. Hasira za nyumbani hizo.

BINTI WA MWANGA
Wakaka mnalia kupelekwa beki? Mimi nilikuwa winga. Siku moja golikipa wetu hakuja kwa sababu kwao walikuwa na msiba. Kocha akatutazama, akasema wewe mrefu, kaa golini. Nilikaa golini miaka miwili. Glovu hakuna, nilidakia mikono mitupu, kidole hiki cha mwisho mpaka leo hakinyooki vizuri. Sikuulizwa kama nataka, na hakuna aliyenifundisha kudondoka. Nilijifunza kwa kuumia.

Nitamuunga mkono mleta mada kwa jambo moja. Kuna kuhamishwa kwa sababu kocha ameona kitu ndani yako, na kuna kuhamishwa kwa sababu kuna pengo na wewe hujui kubisha. Ukiwa mtoto unazijua tofauti hizo hata usipoambiwa. Wanaopelekwa kuziba mapengo ni wale wale kila mara: wapole, na wale ambao wazazi wao hawaji uwanjani.

TICHA WA TABORA
Hapo mwisho Binti umesema kweli ambayo walimu wa michezo tunaikwepa.

Lakini mimi kwa maelezo sikubaliani sana. Nikiandaa timu ya wilaya ya UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, nina siku chache kambini na vijana wa shule tofauti. Shule kumi zimeniletea mastraika kumi, maana kila shule inaleta mfungaji wake bora. Lazima nusu yao warudi nyuma. Nikianza kumweleza mmoja mmoja sababu, kesho kila mtu atadai, keshokutwa tunapiga kura ya kikosi. Nidhamu nayo ni sehemu ya mpira.

Na tuache kuwadanganya watoto kwamba jina linapatikana mbele tu. Mwaka 2021 mlikuwa hapo hapo Kigoma, Uwanja wa Lake Tanganyika, fainali ya Kombe la Shirikisho, Simba na Yanga. Goli pekee la mechi nani alifunga? Taddeo Lwanga, kiungo mkabaji.

BINTI WA MWANGA
Na wakidai maelezo, ticha, kuna ubaya gani?

TICHA WA TABORA
Siku za kambi hazitoshi.

MAMA WA KIBIRIZI
Nauza dagaa, mpira siujui. Najua bei ya daluga. Mtu akimfukuza mwanangu kwa maneno, ile hela hairudishi.

GONGO LA ZAMANI
Niingie na mchezo ambao wengi hapa hamjauona. Nilicheza mpira wa magongo Dar ujanani. (Ndiyo, Tanzania ilipeleka timu ya magongo Olimpiki ya Moscow 1980. India walitufunga 18 kwa 0. Chekeni, mkimaliza tuendelee.)

Kwenye magongo kuhamishwa upande peke yake ni mtihani. Gongo lina uso bapa upande mmoja tu, wa kushoto, na la mtu wa mkono wa kushoto haliruhusiwi. Mgongo wa gongo ni wa mviringo, ukigusa mpira kwa huo ni faulo. Kwa hiyo mpira ukipita kuliani kwako unauzuia kirahisi, ukipita kushoto lazima ulizungushe gongo kwa kiganja. Washambuliaji wote wanalijua hilo, wanakukimbilia kushoto. Beki aliyezoea mkono wa kulia, ukimpeleka kushoto mwa uwanja bila mazoezi, ataonekana hajui mchezo, kumbe kiganja hakijafundishwa. Kocha wetu alikuwa mkali kama siafu, lakini kabla ya kukuhamisha alikutenga nusu saa kwa wiki kadhaa, kugeuza gongo tu, kugeuza gongo tu. Na kwa kuwa magongo mtu anatoka na kurudi uwanjani bila kikomo, alikuingiza kwa dakika tano, akakutoa, akakunong'oneza, akakurudisha.

Hata wale wa magongo ya barafuni wana Brent Burns, yule mwenye ndevu kama kichaka. Minnesota walimchukua mwaka 2003 akiwa winga wakamfanya beki. Baadaye San Jose wakamrudisha mbele, kisha wakamrejesha nyuma tena, na 2017 akashinda tuzo ya beki bora wa ligi. Hilo mnaweza kulitumia pande zote mbili: kocha alikuwa sahihi, au makocha walikuwa hawajui wanataka nini. Mimi naona alikuwa na bahati ya kupewa muda kote huko.

Ticha, ukali hauna shida. Nusu saa ile ndiyo mnayoikosa.

KOCHA MCHANGANI
Hiyo ya kumwingiza dakika tano naichukua. Kwenye mechi za kirafiki sheria za kubadilisha tunatunga wenyewe, hakuna wa kutukataza.

Ila mleta mada, tumeongea wakubwa watupu hapa. Dogo mwenyewe anasemaje? Anataka kurudi?

MJOMBA WA UJIJI
Nimemuuliza jioni hii tukila. Alinyamaza mpaka akamaliza mgebuka wake. Kisha akasema Jumanne ataenda mazoezini, na namba mbili atacheza kama kocha atamwonyesha namna ya kusimama. Nikamwambia vizuri, nitakusindikiza nizungumze naye.

Kasema nisiende.