Naomba ushauri: paka wangu mzee ameota vinundu, nivipasue au nisubiri?

Mtulivu wa Pembeni (mleta uzi)
Wakuu, habari za wakati huu. Nina paka wa miaka 12 ambaye ameanza kuota vinundu chini ya ngozi. Manyoya hayajanyonyoka, hajikuni kupita kawaida na chakula anamaliza, ila kinundu kimoja ni kigumu na naona kama kinaongezeka. Nimesoma kwamba wanyama wakizeeka huota vivimbe vya mafuta visivyo na madhara. Naomba kujua vinundu vya namna hii husababishwa na nini, na kama kuna ubaya nikikipasua kile kikubwa kwa wembe uliochemshwa. Tafadhali nijibuni kwa uzito, kwa maana usingizi umenipaa.

Tumbili Mpole
Mkuu, hao ni viroboto, usijisumbue. Paka mwenye mzio wa mate ya kiroboto hutoka vipele vidogo vyenye vigaga shingoni na mgongoni karibu na mkia, na kwa paka wa aina hiyo kiroboto mmoja anatosha kuleta balaa. Angalizo ni kwamba usimpake dawa ya mbwa yenye permethrini. Shemeji yangu alimpaka paka wake, mnyama akatetemeka na kukaza viungo usiku kucha, na nilipomweleza sababu akaniona mjuaji. Mpaka leo salamu zetu ni za kulazimishana. Hivyo vinundu vipake kitunguu saumu kilichopondwa.

Bi Shuwari
Mwanangu Tumbili, paka hujilamba kila unachompaka, na kitunguu saumu huharibu chembe nyekundu za damu yake, kwa hiyo ushauri wako ni sumu. Nawe mleta uzi, mnyama hana ulimi wa kujieleza. Ukishamfuga, umebeba dhamana. Wangu aliota vidoa vyeusi na vipele kidevuni, nikadhani ni uchafu, kumbe ni chunusi, kwa sababu paka nao hupata chunusi za kidevu. Nilibadilisha bakuli la plastiki nikaweka la chuma na hali ikatulia. Je, hujaangalia bakuli lake?

Mkongojo
Nimefanya kazi ya kuhudumia wanyama kwa muda mrefu, na naona watu wanajibu kabla ya kuuliza. Kinundu kilichotokea pale alipochomwa sindano huchunguzwa endapo kimedumu miezi 3, kimezidi sentimita 2, au bado kinakua mwezi 1 baada ya sindano. Kinundu chenye joto na maumivu, kilichojitokeza ghafla baada ya ugomvi na paka mwingine, kwa kawaida ni jipu la kung'atwa. Kidonda kisichopona kwenye ncha ya sikio la paka mweupe huweza kuwa saratani inayoletwa na jua. Kwa hiyo naomba nijibiwe: viko sehemu gani ya mwili, ni dume au jike, na amefungwa kizazi?

Mtulivu wa Pembeni
Nashukuru, ila sidhani kama jinsia inahusika, kwa kuwa nimeuliza kuhusu ngozi. Ni jike. Vinundu viko upande wa chini.

Mkongojo
Upande wa chini ni wapi, kidevuni, kwapani au tumboni? Na la kizazi umeliruka.

Mtulivu wa Pembeni
Basi. Viko tumboni, viwili, kwenye mstari wa chuchu, na kile kikubwa kimeanza kuchubuka na kutoa majimaji. Hajafungwa kizazi. Nimekuwa nikimpa vidonge vya homoni vya kuzuia joto (ile hali ya kutaka dume) kwa miaka mingi, isipokuwa kipindi kimoja vilipoadimika, na hapo alizaa akiwa na miaka 10. Kabla hamjanishambulia, eleweni kwamba nilifanya hivyo kwa huruma, kwa sababu upasuaji una ganzi, na ganzi ina hatari zake. Wembe nimeshaununua, dawa ya kusafishia ninayo, na niliwahi kutumbua jipu la paka dume likapona vizuri. Ninachoomba ni kuelekezwa namna salama ya kukipasua.

Jicho la Kunguru
Wanabaraza, tunanyweshwa chai hapa. Mwanzoni ilikuwa ngozi, sasa ni chuchu, na kila swali likiulizwa hadithi inaongezewa sura mpya. Hakuna paka anayezaa akiwa bibi kizee. Naomba wasimamizi waufunge uzi huu.

Tumbili Mpole
Nami nilianza kuhisi. Huyo paka aitwe kutoa ushahidi.

Mkongojo
Kunguru, paka jike hana ukomo wa uzazi kama mwanamke. Uzazi hupungua na umri, lakini joto huendelea kumjia, na mimba ya uzeeni huwezekana. Kama hadithi hii imetungwa, aliyeitunga anawafahamu paka kuliko wewe.

Turudi kwa mleta uzi. Vivimbe vya matiti ya paka ni tofauti na vya mbwa: vya mbwa takribani nusu havina hatari, ilhali vya paka zaidi ya 8 kati ya 10 ni saratani. Kutofungwa kizazi huongeza hatari, na homoni za vidonge hivyo huongeza hatari pia. Homoni hizo huweza vilevile kuvimbisha matiti bila saratani, na uvimbe huo huenda ukanywea zikisimamishwa, lakini kinundu kigumu kinachochubuka kwa paka wa umri huo sithubutu kukiita hivyo. Ukikipasua kwa wembe hutapata usaha. Utapata damu, maumivu na kidonda kisichofunga. Daktari wa wanyama atampiga picha ya kifua, kwa kuwa ugonjwa huu hupenda kuhamia kwenye mapafu, kisha mara nyingi huondoa mstari mzima wa matiti na kupeleka nyama maabara. Uvimbe ulio chini ya sentimita 2 una matumaini makubwa zaidi kuliko uliozidi 3. Kile kikubwa kina ukubwa gani?

Mtulivu wa Pembeni
Sijakipima, ila kinakaribia 2. Wembe nimeuweka kando, ingawa bado naamini si kila kitu ni cha kukimbilia upasuaji. Je, paka wa miaka 12 ataamka kweli kutoka kwenye ganzi?

Bi Shuwari
Wangu alipigwa ganzi akiwa na miaka 14 ili ang'olewe meno, akaamka akidai chakula. Mpeleke, mwanangu.

Mkongojo
Umri peke yake haumzuii. Damu hupimwa kwanza, hasa kuangalia figo, na kiwango cha ganzi hupangwa kulingana na majibu. Usimpe dawa yoyote ya maumivu ya binadamu. Parasetamoli humuua paka.

Mtulivu wa Pembeni
Nitampeleka wiki hii. Ila joto lake linakaribia na madume yameshaanza kulia dirishani. Kidonge cha wiki hii nimpe, au nisimpe?

Mkongojo
Usimpe. Mfungie ndani, na vidonge vilivyobaki uende navyo kwa daktari, umweleze ulianza lini.