Mnaoandika "Patel" tupu na kuondoka, mnatulisha matango pori

Wakuu,

Nimevumilia vya kutosha. Kila ikitoka habari yenye jina Patel, iwe ya Marekani, ya India au ya hapa Nairobi, kuna watu wanakurupuka. Wanatafuta "Patel" kwenye simu, wanachukua picha ya kwanza inayojitokeza, wanaibandika juu ya habari ya mtu mwingine kabisa, halafu tukiuliza wanasema "si ni wale wale". Hapana, si wale wale. Mtu anasingiziwa uamuzi ambao hakuufanya, na mwanafunzi anatuma ada kwenye chuo ambacho si alichokikusudia.

Msingi kwanza. Patel kilikuwa cheo cha mkuu wa kijiji kabla hakijawa jina la ukoo, ndiyo maana leo linabebwa na Wahindu wa jamii ya Wapatidar, na Waislamu wa Bharuch, eneo la jimbo la Gujarat, India, na hata Maparsi, wafuasi wa dini ya Zoroaster. Anayesoma "Patel" akahitimisha kwamba mtu huyo ni Mhindu kakosea tangu mstari wa kwanza. Munaf Patel, mrushaji wa kasi aliyekuwa kwenye kikosi cha India kilichotwaa Kombe la Dunia la kriketi mwaka 2011, ni Mwislamu wa Bharuch. Ahmed Patel, mwanasiasa wa chama cha Congress cha India aliyekuwa mtu wa karibu kabisa wa kiongozi wa chama hicho, Sonia Gandhi, naye vilevile.

Na kinyume chake, wapo Mapatel wasioitwa Patel. Nairobi kuna jumuiya inaitwa Shree Cutchi Leva Patel Samaj. Pitia majina ya watu wa jamii hiyo utakutana na Halai, Varsani, Vekaria, Hirani, Pindoria, Kerai. Ukiandika makala ya "Mapatel wa Kenya" kwa kutafuta jina Patel peke yake, umewaacha watu hawa wote nje.

Sasa nije kwenye lililonikera zaidi, ule uzi wa hapa jukwaani kuhusu gavana Patel wa Benki Kuu ya India "aliyefuta noti mara mbili". Magavana wenye jina Patel ni wawili. I.G. Patel, yaani Indraprasad Gordhanbhai, alishika kiti kuanzia 1977 hadi 1982. Urjit Patel alishika kuanzia Septemba 2016 hadi alipojiuzulu Desemba 2018. Balaa ni kwamba kila mmoja alikuwa kitini serikali ilipofuta noti. Januari 1978 zilifutwa noti za rupia 1,000, 5,000 na 10,000. Tarehe 8 Novemba 2016 zikafutwa za 500 na 1,000. Kana kwamba hiyo haitoshi, waziri wa fedha wa mwaka 1978 naye alikuwa Patel: H.M. Patel. Hapo mwandishi mzembe anakwama, anawafanya watu watatu kuwa mmoja, na anatuambia eti "Patel alifuta noti mara mbili". I.G. alifariki mwaka 2005! Na msijitetee kwa London School of Economics. I.G. aliiongoza kuanzia 1984 hadi 1990, Urjit alisoma hapo. Kuongoza chuo na kusoma chuoni ni vitu viwili.

Halafu kuna Praful Patel. Huyu ni mtego hata kwa mtu makini, kwa sababu wako wawili, wote wanasiasa, wote wazaliwa wa 1957. Praful Manoharbhai Patel ni wa jimbo la Maharashtra. Amekuwa waziri wa usafiri wa anga na aliongoza shirikisho la mpira wa miguu la India kwa miaka mingi. Praful Khoda Patel ni wa Gujarat, na ndiye msimamizi aliyepelekwa visiwa vya Lakshadweep Desemba 2020, ambako wakazi walipinga sana kanuni zake mwaka uliofuata. Ukibandika picha ya yule wa mpira kwenye habari ya Lakshadweep, umemchafua mtu ambaye hajawahi kuvitawala visiwa hivyo. Kinachowatenganisha ni jina la kati tu, na nyinyi ndilo mnalolikata kwanza ili kichwa cha habari kitoshe.

Kwenye kriketi ndiyo kabisa. Desemba 2021, uwanja wa Wankhede, Mumbai, India dhidi ya New Zealand. Ajaz Patel wa New Zealand, mzaliwa wa Mumbai hiyohiyo, alichukua wiketi zote kumi za India, yaani aliwatoa wapigaji kumi peke yake, kwa mikimbio 119. Kabla yake waliofanya hivyo kwenye mechi za Test, zile za kimataifa za siku tano, ni Jim Laker mwaka 1956 na Anil Kumble mwaka 1999, basi. Miongoni mwa wale kumi aliowatoa alikuwemo Axar Patel wa India, aliyekuwa ameshafikisha mikimbio 52. Kwa hiyo kadi ya matokeo ina Patel aliyetolewa na Patel. Ukiandika "A. Patel" hapo, msomaji afanyeje? Herufi za kati zipo na zinamaliza kazi: AR ni Axar Rajeshbhai, AY ni Ajaz Yunus. Na New Zealand wana Mapatel wengine: Jeetan aliyezaliwa Wellington, na Dipak aliyezaliwa Nairobi mwaka 1958, yule aliyefungua mashambulizi kwa mipira ya kuzungusha kwenye Kombe la Dunia la 1992.

Nimetaja Nairobi, basi tuinyooshe hapohapo. Waliozaliwa Kenya ni Dipak na Urjit. Dev Patel, mwigizaji, alizaliwa London mwaka 1990. Waliozaliwa Nairobi ni wazazi wake. Priti Patel, aliyekuwa waziri wa mambo ya ndani wa Uingereza kuanzia 2019 hadi 2022, naye alizaliwa London. Waliotoka Uganda ni wazazi. Kash Patel, aliyeapishwa Februari 2025 kuongoza FBI, alizaliwa New York na wazazi Wagujarati waliotokea Afrika Mashariki. Hawa si ndugu, na kuwaita "Wakenya" au "Waganda" kwa mkupuo ni uongo.

Historia yetu wenyewe pia mnaivuruga. A.B. Patel alikuwa mwanasheria wa Mombasa, mjumbe wa Baraza la Kutunga Sheria, na mwaka 1954 akawa waziri asiye na wizara maalumu katika serikali ya kikoloni ya Kenya. Ambu Patel ni yule wa Nairobi aliyehangaika na kampeni ya kutaka Jomo Kenyatta aachiwe. Mmoja yuko ndani ya serikali iliyomfunga Kenyatta, mwingine yuko nje anadai afunguliwe, na kuna makala zinawapa maisha ya mtu mmoja. Hili linaniuma kuliko yote, kwa sababu Ambu ananyang'anywa kazi yake.

Hata familia yenyewe iliwahi kuchanganywa. Vithalbhai na mdogo wake Vallabhbhai walikuwa watoto wa Jhaverbhai, kwa hiyo wote ni V.J. Patel. Vallabhbhai aliomba hati za safari ya kwenda kusomea sheria Uingereza, zikaja zimeandikwa "V.J. Patel", zikaangukia mikononi mwa kaka mtu. Kaka akasema yeye ndiye mkubwa, na ndiye aliyeondoka. Vallabhbhai alikuja kusafiri mwaka 1910. Vithalbhai ndiye aliyekuwa spika wa bunge la India ya kikoloni kuanzia 1925. Vallabhbhai ndiye Sardar, naibu waziri mkuu wa India huru, aliyefariki Desemba 1950. Sardar ni jina la heshima alilopata baada ya mgomo wa kodi wa wakulima wa Bardoli mwaka 1928, msiliandike kama jina la kuzaliwa.

Sasa vyuo, na hapa wazazi wasome taratibu. Sardar Patel University iliyoanza 1955 iko Vallabh Vidyanagar, Gujarat. Kuna nyingine ya jina hilohilo Balaghat, Madhya Pradesh. Nyingine Mandi, Himachal Pradesh. Jodhpur, Rajasthan, kuna Sardar Patel University ya mambo ya polisi na usalama. Mumbai, eneo la Andheri, ndani ya uzio mmoja kuna Sardar Patel College of Engineering na Sardar Patel Institute of Technology, na ni vyuo viwili tofauti. Na kile cha teknolojia cha Surat kinaitwa Sardar Vallabhbhai tu, bila Patel, kwa hiyo ukitafuta kwa "Patel" kinaweza kukupita kabisa.

Wakala akikuletea barua ya kukubaliwa, usiangalie nembo. Angalia mji na jimbo. Linganisha jina, neno kwa neno, na orodha ya UGC, tume ya vyuo vikuu ya India. Angalia kama anwani ya tovuti inaishia na .ac.in au .edu.in, na kama akaunti ya kulipia ada ina jina la chuo na si la mtu. Shahada ikija kuhakikiwa, kinachohakikiwa ni chuo chenyewe, si umaarufu wa Sardar.

Viwanja navyo: ule mkubwa wa Motera, Ahmedabad, uliokuwa ukiitwa Sardar Patel, ulibadilishwa jina Februari 2021 na sasa unaitwa Narendra Modi. Uwanja wa zamani wa Sardar Patel uko Navrangpura, mji huohuo, na ndiko ilikochezwa mechi ya kwanza ya kimataifa ya siku moja kwenye ardhi ya India, mwaka 1981. Mkisema "uwanja wa Patel" semeni upi.

Kwa wanaoandika, utaratibu si mgumu. Mgujarati huwa na jina lake, la baba yake, kisha la ukoo. "Bhai" na "ben" ni viambatisho vya heshima, huandikwa au huachwa, kwa hiyo Bhupendra na Bhupendrabhai ni mtu yuleyule. Mwanamke akiolewa, jina la kati mara nyingi linakuwa la mume, hivyo habari zake za zamani zitafute kwa jina la baba. Andika majina yote matatu mara ya kwanza. Yakigongana, ongeza mwaka wa kuzaliwa na kazi. Patil achana nalo, ni la Maharashtra: Pratibha Patil, rais wa India kuanzia 2007 hadi 2012, si Patel. Na Gujarat imewahi kuongozwa na Mapatel watano: Babubhai, Chimanbhai, Keshubhai, Anandiben na Bhupendra. Hao ni mawaziri viongozi wa jimbo, kama tulivyokuwa tukisema Zanzibar hadi 2010. Mkiandika "Waziri Mkuu Patel" mnaizulia India mtu ambaye haijawahi kuwa naye.

Mods, ule uzi wa "gavana aliyefuta noti mara mbili" bado uko juu na watu wanaendelea kuusambaza. Badilisheni kichwa leo: 1978 ni I.G., 2016 ni Urjit. Na picha iliyopo pale iondolewe, kwa sababu ni ya Praful Manoharbhai.