Likasi siku moja, kuko nini?

KijanaWaKatuba: Bandugu, siku ya posho (Jumamosi) minapeleka bibi na batoto muji ya Likasi, tunatoka huku Lubumbashi, Congo, asubuhi, kuko nini ya kuona na ya kula?

MutuYaShituru: Ndugu, ni kilometa 120 hivi. Tembeeni kwanza katikati ya muji, muone manyumba ya zamani za Babeleji, wakati ile waliita Jadotville, na miti kando ya barabara, aki kivuli yake!

mama_kamalondo: Bukari (ugali) na samaki kwanza, michopo (nyama ya kuchoma) kisha, lakini mupatane bei mbele bakate nyama. Na bibi akitaka mukufu ya malakita, ile jiwe ya kijani, aishike: jiwe ya kweli iko nzito na baridi, plastiki hapana.

MutuYaShituru: Murudie mbele ya giza, malori ni mengi.