Mama kaanguka mkeshani: pepo au njaa? Tujadili mwili na roho

Nesi Mstaafu, Temeke (mleta mada)

Wakuu, shalom, na wasio wa shalom habari za jioni.

Hili jambo limenikaa kooni tangu Ijumaa. Nasali kanisa moja hapa Dar, jina naliacha, la turubai na viti vya plastiki kama mengi tunayoyajua. Tupo kwenye siku 21 za maombi. Wiki iliyopita likatoka tangazo kwamba wenye kiu ya kweli waongeze siku 3 kavu, bila chakula wala maji, kisha tufunge kazi kwa mkesha.

Kama saa saba usiku, sifa zimekolea, mama mmoja wa safu ya tatu akaanza kutetemeka. Akasema maneno yasiyoeleweka, akaanguka katikati ya viti. Wahudumu wanne wakamzunguka: "Toka! Toka!" Mwenye maiki naye akasogea, spika zote zikawa juu yake. Nikapiga magoti nikamshika mkono. Jasho la baridi, khanga imelowa kama katoka kufua. Binti yake akaninong'oneza kwamba mama anameza vidonge vya ugonjwa wa sukari, na jioni ile alimeza kama kawaida.

Hapo nikaelewa: sukari yake imeshuka. Kliniki ilimwambia asiruke kidonge, madhabahu ikamwambia aruke chakula, naye akatii kote kuwili.

Muuza chai wa getini akaja mbio na kikopo cha sukari. Nikachota kwa kidole, nikampaka ndani ya shavu kidogo kidogo mpaka alipoanza kumeza vizuri, ndipo tukampa soda. Baada ya kama robo saa akafumbua macho, akauliza viatu vyake viko wapi. Kanisa zima likalipuka kwa shangwe, pepo katoka! Mimi nimebaki na kikopo mkononi.

Sipingi maombi, naombea watu kila siku. Swali langu ni hili: nani alitufundisha kwamba mwili ni kizuizi cha roho, na kwamba ukiutesa huu, ile inanenepa? Someni Luka 8:55, binti wa Yairo: roho yake ikamrejea, akasimama, na papo hapo Yesu "akaamuru apewe chakula". Mstari mmoja, roho na ugali wake. Au nabii Eliya chini ya mti wa mretemu, kakata tamaa hadi anaomba kufa. Malaika hakuja na mahubiri. Alikuja na mkate na maji, akamwacha alale, akamwamsha ale tena.

Karibuni. Matusi tuyaache mlangoni.

Mtumishi, Kimara

Bwana asifiwe mama. Pole kwa usiku ule, na hongera kwa kikopo. Mimi nachunga kundi dogo huku Kimara, kwa hiyo nitasema upande wa pili kabla uzi haujageuka wa kuwachapa wachungaji.

Kufunga hakukuletwa na mabango ya barabara ya Morogoro. Musa alifunga, Esta alifunga, Bwana mwenyewe siku 40. Paulo anasema "nautesa mwili wangu na kuutumikisha" (1 Wakorintho 9:27). Hakusema naubembeleza. Na huyo Eliya wako, mama, endelea na mstari unaofuata: kwa nguvu za chakula kile alikwenda siku 40, usiku na mchana. Mbona hapo umeishia kwenye mkate?

Tena tuseme ukweli, ugonjwa wa mji huu si kuudharau mwili, ni kuuabudu. Krimu za kujichubua, supu saa nne, nyama choma jioni. Mtu anachangia kamati ya harusi laki mbili bila kupepesa macho, ila kukosa chai asubuhi moja kwa ajili ya Mungu wake anaona kaonewa. Mwili ukiachiwa unakuwa bosi wa nyumba. Kufunga ni kuuambia: kaa chini, mwenye nyumba nipo.

Boda wa Mbezi

Siku 3 kavu mimi nafunga kila mwisho wa mwezi bila kutangaziwa.

Mtumishi heshima yako, ila hao wa supu na nyama choma hawako kwenye turubai saa saba usiku. Walio kule ni mama ntilie, dada wa kazi, sisi wa pikipiki. Nawabeba alfajiri mkesha ukiisha, wengine wanasinzia mgongoni kwangu mpaka naogopa wataanguka. Unamwambia nani atese mwili? Mwili wenyewe umeshateswa toka Jumatatu. Isaya 58 ipo pia, saumu anayoitaka Mungu ni kuwagawia wenye njaa chakula chako. Hiyo siku ya 22 mbona haitangazwi?

Mparokia, Ukonga

Kwetu Katoliki hili lina mpaka wake. Sheria ya kufunga inambana mtu kuanzia miaka 18 hadi anapofikisha 59, tena kwa siku mbili tu za mwaka, Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu. Siku hizo unakula mlo mmoja kamili, na tonge dogo mara mbili unaruhusiwa. Mgonjwa hahusiki kabisa. Zaidi ya hapo ni hiari yako na afya yako.

Halafu hii dhana ya kwamba mimi halisi ni roho, mwili ni gari tu nimepanda, siyo ya Kikristo. Tomaso wa Akwino, mwanateolojia wetu wa zamani, akifafanua 1 Wakorintho 15, aliandika kwamba nafsi yangu siyo mimi. Mtu ni vyote viwili pamoja. Ndiyo maana kila Jumapili tunakiri ufufuko wa miili, hatusemi kuponyoka kwa roho. Yesu mfufuka aliomba chakula, akapewa kipande cha samaki wa kuokwa, akala mbele yao.

Sabato, Tabata

Mparokia umeanza vizuri ukaishia njiani. Kama mtu ni vyote pamoja, huko toharani, mnakosema roho hutakaswa baada ya kifo, nani anakwenda? Mwanzo 2:7: mavumbi, na pumzi ya uhai, mtu "akawa" nafsi hai. Hakupewa nafsi akaitia mfukoni. Pumzi ikitoka hakuna kitu kinachoelea juu ya jeneza, ni usingizi mpaka parapanda. Hili likieleweka, afya inakuwa sehemu ya ibada, ndiyo maana sisi tunahubiri chakula, maji, pumziko na kuacha pombe na sigara kutoka madhabahuni.

Mparokia, Ukonga

Toharani umeileta wewe, mada haikuwa huko. Na yule mnyang'anyi msalabani aliambiwa "nakuambia, leo hivi utakuwa pamoja nami peponi". Fungua uzi wako nitakuja.

Sabato, Tabata

Koma iwe kabla ya "leo" au baada? Kiyunani cha zamani hakikuwa na koma. Haya, nitafungua.

Jirani, Ilala

Mimi Muislamu, napita tu, ila naomba kuchangia. Kwetu ruhusa imeandikwa wazi, Suratul Baqara aya ya 184: mgonjwa au msafiri atahesabu siku nyingine, na asiyeweza kabisa hulisha maskini. Mnadhani hilo limemaliza kesi? Bibi yangu ana kisukari. Kila Ramadhani tunagombana naye. Mwaka mmoja tulikuta vidonge vya wiki nzima kaviweka chini ya mto, hali mchana, hamezi, na jioni anafuturu kwa tambi na kaimati. Shehe kaja nyumbani kumwambia mwenyewe kwamba yeye hana saumu. Kaitikia vizuri sana, kesho yake kafunga.

Nilipombana aliniambia hivi: "Mjukuu wangu, wote wanakula magharibi kwa furaha, mimi nile adhuhuri peke yangu jikoni kama mwizi?" Kwa hiyo msitazame kitabu peke yake. Kuna aibu ndani yake.

Nesi Mstaafu, Temeke

Jirani, hapo umenigusa penyewe. Yule mama naye alimwambia bintiye hivyohivyo: nitaonekana sina imani.

Mtumishi, narudi kwako. Eliya alikwenda siku 40, kweli. Lakini malaika alimwambia "Inuka, ule, maana safari hii ni kubwa mno kwako", kala mara mbili, kalala katikati. Ukubwa wa safari ndiyo ulikuwa sababu ya kula. Sisi tumeigeuza, safari ikiwa kubwa tunaficha sufuria.

Ila naona shida yetu nyingine ni neno lenyewe. Biblia yetu ya siku zote, ile ya Union, inatumia "mwili" kwa vitu viwili. Kiyunani cha Paulo kina sarksi, na kina soma (siyo ya kusoma). Akisema "matendo ya mwili" Wagalatia 5 ni sarksi, yaani ubinadamu uliompa Mungu kisogo. Akisema "mwili wenu ni hekalu la Roho Mtakatifu", 1 Wakorintho 6, ni soma, hiki kiwiliwili chenye presha na miguu inayovimba. Kwenye Kiswahili vyote vimekuwa mwili. Basi mtu anasikia "wale waufuatao mwili hawawezi kumpendeza Mungu", anatazama tumbo lake linalonguruma, anadhani ndilo adui.

Hebu hesabuni hayo matendo ya mwili: uadui, ugomvi, wivu, hasira, fitina, husuda. Uasherati, ulevi na ulafi vimo, ndiyo, lakini kwa fitina unahitaji kiungo gani cha mwili zaidi ya ulimi? Mtu aweza kukonda kwa kufunga na hiyo sarksi yake ikawa imenona.

Na roho vilevile. Vibaka wa Kigogo wakikukaba, tunasema wamekukaba roho, na tunamaanisha hapa shingoni. Nefeshi ya Kiebrania, inayotafsiriwa nafsi, nayo ina maana ya koo. Zaburi ya 69, "maji yamefika mpaka nafsini mwangu": yamefika shingoni, mtu anazama! Wazee wetu wa pwani wangemwelewa Daudi bila kamusi. Roho inapita mlemle inamopita uji.

Boda wa Mbezi

Mama umeua.

Ila mwisho wa njia hii mnaujua. Shakahola, kule Kilifi, Kenya, 2023. Miili zaidi ya 400 ilifukuliwa msituni, watu waliambiwa wafunge wakutane na Yesu.

Mtumishi, Kimara

Shakahola usinitupie. Ule ulikuwa uuaji, na hakuna mchungaji mwenye akili aliyeusikia akalala. Kuiweka kapu moja na siku 21 za kanisa la mtaani ni kuwaonea watu.

Mama nesi, la sarksi na soma nalijua, nimelisoma chuo cha Biblia, na nakiri sijawahi kulihubiri. Lawama ya hapo naibeba. Lakini na wewe usije ukatuambia kila anayeanguka ni sukari. Nina miaka 19 kwenye huduma. Nimeona binti wa miaka 16, mzima, kapimwa kila kitu hospitali, anaongea kwa sauti isiyo yake na kutaja mambo ya nyumba asiyowahi kuingia. Hilo nalo nilipake sukari shavuni?

Nesi Mstaafu, Temeke

Sitabishana na ulichokiona, sikuwepo. Hata mimi wodini kuna usiku nimeona mambo nikaomba kimyakimya huku nashika dripu.

Ninachosema ni utaratibu tu. Kile kimashine cha kupima sukari kinatoboa kidole, kinatoa jibu kwa sekunde chache. Pima kwanza. Pepo kama yupo atasubiri, hana daladala ya kuwahi. Sukari iliyoshuka haisubiri.

Na Shakahola nakubaliana nawe, ni mbali sana na kwetu. Kilichonitisha ni kwamba ile sentensi niliisikia kwa masikio yangu Ijumaa ile, mwenye maiki anasema "acheni mwili ufe, roho iishi", na watu wanaitikia amina. Nami niliitikia. Ndiyo maana nimeandika.

Mparokia, Ukonga

Yule mama sasa yukoje?

Nesi Mstaafu, Temeke

Yupo, jana nilimpitia. Kaniambia mkesha wa Ijumaa hii anakuja, hakosi. Atabeba uji kwenye chupa ya chai, na atakaa nyuma kabisa karibu na spika, watu wadhani ni chai ya wapiga vyombo.

Mtumishi, Kimara

Mama nesi, samahani, swali la pembeni. Mkesha wetu unaanza saa tatu usiku. Nina wazee kama kumi na wawili wanaomeza vidonge, na sijawahi kuwauliza vya nini. Hivi vya sukari vinamezwa kabla ya kula au baada?

Nesi Mstaafu, Temeke

Vinatofautiana, mtumishi. Vingi ni pamoja na chakula au kabla kidogo, na wengine wanachoma sindano. Waambie kila mmoja aje na pakiti yake na kadi yake ya kliniki. Alhamisi jioni nina nafasi, nitapanda mwendokasi mpaka Kimara mwisho.

Mtumishi, Kimara

Alhamisi tuna kwaya. Njoo hivyohivyo, tutawatoa nje kwa zamu.