Joto la bahari ya kale walilipimaje kwa udongo wa Kilwa?

MwalimuJiografia
Habari za jioni wanajamvi. Nafundisha jiografia kidato cha tatu hapa Kilwa. Wiki hii kwenye mada ya tabianchi niliwaambia wanafunzi kwamba joto la bahari ya mamilioni ya miaka iliyopita lilijulikana kwa udongo uliochorongwa huku kwetu Kilwa na Lindi. Binti mmoja akainua mkono: "Mwalimu, kipimajoto alikiweka nani?" Wenzake walicheka, lakini swali ni la haki na jibu nililompa halikumtosha. Mwenye kujua anisaidie, nimrudishie Jumatatu.

Mpitanjia
Mkuu, ninavyojua wanaangalia visukuku vya viumbe vya baharini, vidogo kama chembe za vumbi. Zaidi ya hapo tuwasubiri wenye fani.

MamaChekecheke
Mwalimu, za kazi. Huyo binti mpe hongera zangu. Niliwahi kuosha sampuli za udongo wa huko kwenu, kwa hiyo nitaeleza nilichokishika kwa mikono.

Kipimajoto ni foraminifera, kiumbe cha seli moja kinachojijengea gamba la chokaa kutoka kwenye maji yanayokizunguka. Wengine huelea karibu na uso wa bahari, wengine huishi sakafuni. Wakifa, magamba yanalala kwenye tope la chini, tabaka juu ya tabaka. Ndani ya chokaa hiyo kuna oksijeni ya aina mbili, nyepesi (16) na nzito (18). Maji yakiwa baridi, gamba linachukua nzito zaidi kidogo. Yakiwa ya moto, inapungua. Mashine inapima uwiano huo, nao unageuzwa kuwa nyuzi joto.

Kazi yenyewe ni hivi. Unaloweka kipande cha udongo wa kijivu mpaka kilegee, unakimimina kwenye chekecheke lenye matundu ya milimita 0.063, unaosha kwa maji mengi mpaka yatoke meupe. Udongo wote unaondoka. Kinachobaki ni kama kijiko cha chai cha mchanga, unakikausha na kukiweka chini ya hadubini. Kisha unachukua brashi nyembamba kabisa, unailowesha ncha, unaokota gamba moja moja. Mgongo unauma, macho yanachoka, lakini siku ya kwanza nilipoona Hantkenina, aina mojawapo ya foraminifera wa kale, sikutaka kuinuka kitini. Vyumba vyake vimejipanga kwa duara, kila kimoja na mwiba mrefu, kama nyota. Na alikuwa anang'aa. Mwanga wa taa ulipita ndani yake kama kwenye glasi.

Kisima_cha_Hoja
Dada, naheshimu kazi yako ila nina shaka. Gamba la chokaa likae ardhini miaka milioni 34 lisibadilike? Hata jiwe la tumbawe kwenye nyumba za kale linaoza.

MamaChekecheke
Kaka, hapo umegusa penyewe, na wanasayansi waliteleza hapo hapo kwa miaka mingi. Magamba mengi yaliyochorongwa katikati ya bahari kuu ni meupe, makavu kama chaki. Yamelala sakafuni kwenye maji baridi, chokaa ya asili ikayeyuka kidogo kidogo na nyingine ikaota mahali pake. Umbo limebaki, lakini sehemu ya kemia ni ya sakafu. Ukilipima unadhani bahari ya tropiki ilikuwa ya ubaridi, hata katika zama ambazo dunia nzima ilijulikana kuwa na joto kali. Hesabu zikawa hazikubaliani.

Udongo wa Kilwa ni mfinyanzi mzito, maji hayapiti. Ulitua kwenye bahari yenye kina cha mamia ya mita, ukafunika magamba kama kifuniko cha sufuria, na haukuzikwa chini sana hata ukageuka jiwe gumu. Ndiyo maana yale magamba yanang'aa kama kioo. Wataalamu wa TPDC, shirika la petroli la Tanzania, walishirikiana na kundi la Paul Pearson, wakati huo wa Chuo Kikuu cha Bristol, Uingereza, na mwaka 2001 matokeo yakachapishwa: uso wa bahari ya tropiki katika zama hizo ulikuwa na angalau nyuzi 28 hadi 32. Tropiki haikuwa baridi. Magamba ya chaki ndiyo yaliyopotosha. Nasema hili kwa fahari: udongo ambao watu wa huku wanaulalamikia masika kwa kunasa magari ndio uliosahihisha hesabu ya dunia.

MwalimuJiografia
Dada yangu, nimekuelewa sana. Hiyo milioni 34 ina nini hasa? Naiona inatajwa tajwa.

MamaChekecheke
Ndipo Antaktika ilipoanza kubeba barafu kubwa, Mwalimu. Barafu inafungia maji yenye oksijeni nyepesi, bahari inabaki na nzito, kwa hiyo kipimo cha oksijeni peke yake kinachanganya baridi na barafu. Walipima pia magnesi kwenye magamba ya Tanzania, maana inaongezeka maji yakiwa na joto, wakaona bahari ilipoa kama nyuzi 2.5. Na kwa kupima boroni wakakadiria hewa ya ukaa ilikuwa imeshuka hadi karibu sehemu 750 kwa milioni barafu ilipoota. Kwenye udongo ule ule, unapanda tabaka kwa tabaka ukiokota Hantkenina, halafu sampuli inayofuata hana hata mmoja. Anatoweka moja kwa moja. Kutoweka kwa jamii yake ndiko kunakoweka rasmi mpaka kati ya zama mbili za kijiolojia, Eosini na Oligosini.

Kwa darasa: chukueni mchanga mweupe wa ufukweni karibu na matumbawe, uosheni kwa maji ya bomba, uanikeni juani juu ya karatasi nyeusi. Kwa lenzi ya mkono mtaona foraminifera wa leo, wa duara na bapa. Huyo binti mpe brashi aanze yeye kuokota. Ncha iwe na unyevu kidogo tu, ikilowa sana gamba linazama kwenye tone na hutalitoa.