Ukoo wa Jang'ombe: usiku wa vimondo Bwejuu

Rahma: Asalaam alaykum. Leo klabu yetu ya skuli inatia darubini pwani ya Bwejuu, kila mtu anakaribishwa, bure. Vimondo vya Jauza (kundi la nyota la Mapacha), kilele chake 13 kuamkia 14 Disemba kila mwaka. Gari linatoka baada ya magharibi.

Khamis: Bure mpaka kula?

Rahma: Kula ubebe. Mama kashakaanga kachori.

Ami Sele: Mie sitoki. Nishaziona hizo bila ya darubini. Disemba 2009, umeme wa kutoka bara ulipokatika, mji kiza miezi mitatu. Siku ya tatu nne hivi, joto limetutoa ndani, tumelala juu ya sakafu. Zilikuwa zinapita kama mtu anawasha viberiti! Tukadhani dunia inakwisha.

Rahma: Ami, ndio hizo hizo! Tena mfunguo tatu, mwezi wa Kiislamu, ulikuwa unamalizika, mwezi hautoki mpaka karibu na alfajiri. Mlipata kiza cha bahati.

Ami Sele: Bahati gani, samaki wote wa friji walioza.

Fat-hiya Wete: Huku Pemba mawingu matupu, vuli haijatutoka. Tuandikieni.

*Saa tatu usiku*

Khamis: Nimepanga foleni dakika arubaini nione kimondo kwenye darubini. Naweka jicho, naoneshwa nyota za Kilimia!

Rahma: Khamis nawe! Darubini inachukua kijipande cha mbingu tu, kimondo kinapita mara moja, utakidaka wapi? Njoo ulale chali kwenye jamvi. Jauza ndo kwanza inachomoza, inakuwa juu kabisa saa nane.

Shangazi Mwana: SAA NANE? Mie kesho nna kazi.

Fat-hiya Wete: Havitaangukia watu huko?

Rahma: Haviangukii da Fat-hiya. Vingi ni kama punje ya mchanga, vinaingia kwa mwendo wa kilomita 35 kwa sekunde, vinaungua huko huko juu. Mchanga wenyewe umetoka kwenye jiwe linaloitwa Phaethon, lilionekana 1983 kwa satelaiti. Mvua nyingi za vimondo mama yake ni nyota yenye mkia, hii mama yake jiwe. Mwalimu kasema kila mwaka dunia inapita kwenye vumbi lake.

Ami Sele: Na lile jiwe la kimondo la Mbozi kule bara?

Rahma: Lile pande la chuma Ami, jengine kabisa.

Mama Rahma: Bibi kavuta uradi, kila kikipita anasema audhubillahi, shetani kapigwa. Mwalimu kacheka, kampa kiti. Bibi kakataa kiti, kajilaza kwenye mchanga na kanga yake.

Khamis: Mie nimeona kimoja. Au ndege.

*Saa tano na robo*

Khamis: Jamani mnaona? Wote wamepiga ukelele nami nilikuwa nasoma hapa 😭

Rahma: Macho yanataka dakika ishirini kuzoea kiza. Kila ukiwasha simu unaanza upya. Tena unatumurika sote.

Khamis: Wewe si unaandika pia?

Rahma: Nimejifunika kanga.

Shangazi Mwana: Na huyo anayetia nyimbo azime.

Ami Sele: Mmeona vingapi?

Khamis: Vitatu.

Rahma: Kumi na moja.

Mama Rahma: Bibi hana simu. Kila kikipita anasogeza punje ya tasbihi. Nimemhesabia kwa vidole gizani, kashafika 38.

Ami Sele: Subhanallah.

Ami Sele: Nani ana gari la kunipitia?

Shangazi Mwana: Si ulisema hutoki? Mwenye gari hayupo, shakwenda kulala.

*Saa tisa kasoro*

Rahma: Kimondo kimoja cha kijani kimekata toka Jauza mpaka baharini, mstari wake ukabaki kidogo. Hata wale watoto wa kijijini wamenyamaza.

Mama Rahma: Bibi kamaliza punje thalathini na tatu za tasbihi mara ya pili.

Fat-hiya Wete: Na huku mvua imeanza.

Khamis: Nani kachukua ndara zangu? Moja ya kushoto naiona, ya kulia siioni, na Rahma kanikataza kuwasha simu.