Nataka kuanza Pilates hapa Mtwara. Nijue nini kabla sijatoa hela?

MamaWawili_Chuno
Wakuu, salaam. Naomba ushauri kwa wenye uzoefu, na wasio na uzoefu wapite kimya kimya (najua hampiti).

Nina miaka 34, watoto wawili, wa mwisho ana miezi 10. Kazi yangu ni ya kukaa, naingiza hesabu za mizigo kwenye kompyuta kuanzia asubuhi, na msimu wa korosho ukifunguliwa ndiyo usiniulize. Mgongo wa chini unauma. Siyo wa kulia machozi, ila nikiinama kumtoa mtoto kwenye beseni lazima nishike ukuta. Tumbo nalo halijarudi. Juzi sokoni mama mmoja kaniuliza natarajia lini. Nikamjibu "Mungu akipenda", nikalipia nyanya nikaondoka.

Sasa kuna dada kaanzisha darasa la Pilates, yale mazoezi ya taratibu ya mkekani ya kukaza tumbo na mgongo, upande wa Shangani, ukumbini, saa 12 jioni, mara tatu kwa wiki. Shilingi 10,000 kwa siku, 90,000 kwa mwezi, au 250,000 kwa miezi mitatu ukilipa kwa mkupuo, na hiyo ya mwisho anasema inaisha Jumamosi. Nimetazama video, naona watu wamelala chali wanainua miguu taratibu kama waliolazimishwa. Je, mtu ambaye hajafanya mazoezi tangu mchakamchaka wa shule ya msingi anaweza? Nivae nini, maana mimi ni mtu wa kujisitiri? Tumbo litaisha? Na mama mkwe anasema hizo ni ibada za watu, ni kweli?

Korosho_DarajaLaPili
Mimi mkeka ninaoujua ni mmoja, wa kubeti, na umechanika jana kwa timu moja tu. Ila hiyo Pilates, ndiyo ya Pilato yule aliyenawa mikono? Ngoja waje wajuzi.

MzeeWaFeri
Binti yangu, 250,000 kwa kulala sakafuni? Bibi zenu kule Newala walicheza sindimba mpaka alfajiri, kiuno kinazunguka kama kimelegezwa nati, na asubuhi wako shamba na jembe. Hakuna aliyelalamika mgongo. Panda pantoni uvuke Msangamkuu, tembea mchangani mpaka jasho likutoke, urudi. Hela mnunulie mtoto maziwa.

BiSalha_Lindi
Shikamoo Mzee wa Feri. Walilalamika, baba, ila hamkuwa mnawasikiliza.

Dada MamaWawili, mimi nilianza nikiwa Dar, nikasoma miaka miwili kabla kazi haijanileta Lindi. Hapa nafanya peke yangu sebuleni. Ngoja nikueleze siku ya kwanza ilivyokuwa, maana mimi hakuna aliyenieleza.

Niliingia nikijiamini kwa sababu natembea sana. Mwalimu akatulaza chali, magoti juu, nyayo chini, akasema tupumue. Basi. Dakika kama kumi tunapumua tu. Nikajisemea nimeibiwa. Kumbe kupumua ndiyo nusu ya kazi. Unavuta kwa pua, mbavu zinafunguka pembeni kama mwamvuli, tumbo halitunishwi kama puto. Ukitoa kwa mdomo, unavuta ndani ile misuli ya chini, ileile unayokaza ukiwa umebanwa mkojo kwenye bajaji na bajaji inapita kwenye tuta. Sasa ukae umeikaza kidogo hivyo, siyo kwa nguvu zote, huku unapumua na mguu unakwenda. Jaribu uone. Mimi nilikuwa nikikaza nasahau kupumua, nikipumua nasahau kukaza.

Halafu likaja zoezi wanaloliita la mia. Unainua kichwa na mabega, miguu hewani, mikono imenyooka pembeni mwa mwili unaipigapiga juu chini, pumzi moja ndani kwa mapigo matano, nje kwa mapigo matano, mara kumi, ndiyo mia yenyewe. Nilipofika thelathini shingo ikawa inawaka moto. Mwalimu akaja akaweka vidole viwili nyuma ya kisogo changu, akasema, "Unabeba kichwa kwa shingo. Kishushe." Nikaona aibu, wenzangu wote vichwa viko juu. Nilikishusha, na nilifanya hilo zoezi kichwa kikiwa chini kwa miezi miwili. Kwa hiyo ukiambiwa shusha, shusha. Kule hakuna mashindano, na anayekwenda harakaharaka ndiye anayedanganya, mwili unajirusha badala ya misuli kufanya kazi. Wale uliowaona kwenye video kama wamelazimishwa ndio wanaofanya sawasawa.

Mavazi. Dera usithubutu. Ukiinua miguu litakuja lote usoni. Vaa taiti na fulana ndefu inayokaa mwilini kiasi, mwalimu aone mbavu na nyonga zinavyokaa. Mtandio chagua ule wa kuvuta kichwani, usio na pini. Mimi pini ilinichoma kisogoni siku ya pili mpaka nikapiga kelele, darasa zima likasimama. Muulize huyo dada kama ni wanawake watupu na kama madirisha yana mapazia, hilo ni swali la halali kabisa na asikuone mshamba. Viatu hakuna. Ni peku, au soksi zenye vitone vya mpira chini, kwa sababu soksi za kawaida kwenye vigae ni kutafuta kuvunjika. Mkeka wa ukili nao hapana, unateleza, na pingili za mgongo zitasaga sakafu. Tafuta ule mnene wa sponji.

Na jambo ambalo hakuna atakayekwambia: tumbo likibanwa na miguu ikienda hewani, upepo hutafuta njia. Hutokea kwa kila mtu, mwalimu atajifanya hajasikia. Lakini usile ming'oko saa 11 ukaingia darasani saa 12. Kula mapema, walau muda wa saa mbili kabla ya darasa.

Kesho yake utaumwa sehemu usizojua kama unazo. Mimi nilikuwa naogopa kupiga chafya.

Tumbo sitakudanganya. Litashikika, utasimama vizuri, nguo zitakaa. Mafuta hayayeyuki kwa Pilates.

MamaWawili_Chuno
Bi Salha, umenichekesha ofisini mpaka bosi kauliza kuna nini. Pini nimekuelewa.

MwalimuMstaafu_Mikindani
Kwa Korosho na kwa mama mkwe wa mtoa mada. Si Pilato wa Biblia na si ibada. Joseph Pilates alikuwa Mjerumani, kazaliwa Mönchengladbach mwaka 1883, mtoto wa maradhi, pumu na matege, akajijenga kwa ndondi na sarakasi. Vita Kuu ya Kwanza ilimkuta Uingereza, akawekwa kizuizini kama raia wa adui, mwisho katika kisiwa cha Man. Husimuliwa kwamba huko alifunga springi kwenye vitanda ili waliolala waweze kujinyoosha, na ndiyo asili ya kile kitanda chenye kigari kinachoteleza mnachokiona kwenye video za wenye nazo. Mwaka 1926 akahamia New York, na wacheza dansi wenye majeraha wakawa ndio wateja wake wakubwa. Yeye mwenyewe aliyaita mazoezi yake Kontrolojia. Kwa hiyo wanaume wanaocheka humu wajue aliyeanzisha ni bondia.

Yoga ina asili yake ya kidini India, hilo ni jambo jingine. Mwambie mama mkwe kwa upole tu.

Fizio_Kusini
Habari dada. Mimi ni mtaalamu wa viungo, nahudumia mikoa hii. Kabla ya mavazi na mkeka, nina maswali. Ulijifungua kawaida au kwa upasuaji? Ukikohoa au kucheka mkojo unatoka kidogo? Maumivu yanashuka mguuni, kuna ganzi? Ukipata ganzi sehemu za siri, au ukashindwa kuzuia haja, au mguu ukaishiwa nguvu, hilo si la darasa wala la jukwaani, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Sasa jipime hivi. Lala chali, magoti juu, weka ncha za vidole juu kidogo ya kitovu, vikiwa vimepangana kukata tumbo na vinaelekea miguuni, kisha inua kichwa kidogo tu. Utasikia kingo mbili za misuli zinakuja kubana vidole. Hesabu vimeingia vingapi katikati. Baada ya ujauzito misuli hii huachana, kwa wengine hurudi yenyewe, kwa wengine hubaki wazi. Vikiingia zaidi ya viwili, au ukiona katikati ya tumbo panainuka kigongo kama mgongo wa samaki, basi zoezi la mia la Bi Salha na yote ya kuinua kichwa au miguu miwili kwa pamoja yasubiri. Yapo mengine ya kuanzia: kuteleza kisigino sakafuni mguu mmoja mmoja, kuinua makalio ukiwa umelala chali, kupiga magoti na viganja chini ukanyoosha mkono na mguu wa upande wa pili.

Jambo la pili ni mwalimu. Mwaka 2000 mahakama ya shirikisho huko New York iliamua kwamba Pilates ni jina la aina ya mazoezi, si alama ya biashara ya mtu mmoja. Ndiyo kusema yeyote anaweza kuliandika mlangoni kwake, aliyesoma miezi mingi na aliyetazama video wiki iliyopita. Muulize amefundishwa wapi na kwa muda gani, amewahi kumfundisha mama aliyejifungua, na darasa lina watu wangapi. Wakizidi kumi na yuko peke yake, nani ataona shingo yako? Sikiliza pia kama yeye anakuuliza chochote. Anayekupokea bila kuuliza una presha, una mimba au una uti wa mgongo wenye shida, mimi simwamini hata awe na vyeti ukuta mzima.

Mzee wa Feri ana hoja zaidi ya anavyoonekana. Kwa mgongo unaouma muda mrefu, Pilates inasaidia kuliko kukaa bila kufanya kitu, lakini haijathibitika kuwa inayashinda mazoezi mengine. Na Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima apate walau dakika 150 kwa wiki za mazoezi ya kupandisha mapigo ya moyo. Hayo Pilates ya kuanzia haitakupa. Msangamkuu itakupa.

MzeeWaFeri
Nashukuru mtaalamu. Nilijua.

Korosho_DarajaLaPili
Mzee leo usingizi hapati kwa furaha.

MamaWawili_Chuno
Nimerudi na majibu. Nilijifungua kawaida wote wawili. Ganzi hamna. Mkojo… nikipiga chafya, ndiyo. Nilidhani ndiyo uzazi, sikujua ni la kumwambia mtu.

Jana usiku nimejipima, baba watoto kashika tochi ya simu maana umeme ulikatika. Vidole viwili na nusu, na yeye ndiye aliyeona kigongo. Kasema "kama papa anayeibuka". Sijamsamehe.

Nimempigia yule dada. Kwa haki yake, hakukasirika. Kasema kasomea Dar, ila akina mama wa baada ya kujifungua hajawashika sana, na darasa lina watu wanane. Nilipomwambia ya vidole akakaa kimya kidogo, akaniuliza daktari kasema nini. Hapo nikampenda. Nikamwambia silipi miezi mitatu, nataka kulipa siku moja moja. Akakubali, na ya Jumamosi hakuitaja tena.

Fizio, nikija kukuona nije na nini?

Fizio_Kusini
Njoo na nguo ya kulegea na kadi ya kliniki. Nakutumia ujumbe wa siku na mahali. Kuvuja mkojo kunatibika kwa mazoezi, tutaanza na hilo. Darasani usiingie mpaka tuonane, halafu nitakuandikia karatasi umpe mwalimu, ya kufanya na ya kuacha.

MamaWawili_Chuno
Asante sana. Bi Salha, zile soksi za vitone ulizipata wapi? Nimezunguka maduka ya hapa mjini wananiletea za mpira wa miguu.

BiSalha_Lindi
Dar, dada, na zimeshatoboka vidole. Nenda peku.